Kasi Isiyo Thabiti katika Usomaji wa Diski za CD na DVD

Katika miaka ya 1990 na ya 2000, sauti nyingi zilizokusanywa na watafiti wa lugha zilihamishwa kutoka kanda za sumaku zikatiwa katika diski za CD na DVD. Diski hizo zinapotolewa kabatini leo ili zihamishwe tena, mara nyingi huonekana jambo la kutatiza. Kiendeshi, yaani mashine izisomayo, mara huenda mbio, mara husota, mara husimama kabisa kisha kikaendelea. Wengine hukilaumu wakanunua kingine. Wengine hungoja tu mpaka kazi iishe. Njia zote mbili zaweza kumpotosha mtafiti, kwa maana kasi hiyo ni ushahidi, na ushahidi hauna budi kuhojiwa kabla ya kutolewa hukumu.

Kwanza yafaa kupambanua maana tatu za neno kasi. Kuna kasi ya mzunguko, yaani diski huzunguka mara ngapi kwa dakika. Kuna kasi ya mstari, yaani urefu wa mstari ulioandikwa upitao mbele ya leza kwa sekunde. Tena kuna kasi ya data, yaani wingi wa habari ufikao katika kompyuta kwa sekunde. Azichanganyaye hizi tatu ataona kasoro pasipo kasoro.

Data ya CD imeandikwa katika mstari mmoja uanziao ndani, karibu na tundu, ukazunguka kama ganda la konokono hadi ukingoni. Huanza milimita 25 hivi kutoka kitovu cha diski, ukaishia milimita 58 hivi. Vyombo vya muziki vilivyoanza kuuzwa mwaka 1982 vilishika kasi moja ya mstari. Kwa hiyo diski ilizunguka yapata mara 500 kwa dakika leza ilipokuwa ndani, na yapata mara 200 tu ilipofika ukingoni. Viendeshi vya mbio vilivyokuja baadaye aghalabu hufanya kinyume: hushika mzunguko mmoja, na kwa kuwa duara la nje ni refu kuliko la ndani, data huongezeka kadiri leza isogeavyo nje. Kiendeshi cha namna hiyo kilichoandikwa 48x, maana yake mara 48 ya kilobaiti 150 kwa sekunde, hufikia kiwango hicho ukingoni tu. Ndani husoma kwa yapata mara 20. Diski iliyojaa nusu haifikii hata mara 40. Hali kadhalika, katika DVD nyingi za tabaka mbili tabaka la pili husomwa kutoka nje kurudi ndani, hivyo kasi hupanda kisha ikashuka. Mabadiliko ya namna hii ni maumbile ya chombo, wala hayahitaji tiba.

Ili kuyatenga na kasoro za kweli, na isomwe faili moja kubwa tangu mwanzo hadi mwisho, kasi ikiandikwa kila baada ya muda. Faili nyingi ndogo hazifai kwa jaribio hili, kwa sababu lenzi hupoteza wakati kwa kuruka huku na huko. Kisha diski hiyo isomwe katika kiendeshi cha pili, na diski nyingine iliyo nzima isomwe katika kile cha kwanza.

Ikiwa kasi huanguka mahali pale pale katika viendeshi vyote viwili, kasoro imo katika diski: uchafu, mkwaruzo, au rangi ya kuandikia iliyofifia kwa jua na joto. Kiendeshi kishindwapo kusoma sehemu fulani huirudia mara kadhaa, kisha hupunguza mzunguko. Ikiwa diski zote husota katika kiendeshi kimoja tu, huenda lenzi ina vumbi au leza imechoka. Na ikiwa kasi haipandi kupita kikomo kimoja kwa diski zote, na itazamwe njia ya data: tundu la USB la namna ya kwanza, kwa mfano, halipitishi zaidi ya megabaiti 1.5 kwa sekunde, hata kiendeshi kiwe chepesi namna gani. Karatasi iliyobandikwa juu ya diski nayo huweza kuiondolea mizani, ikatikisika inapozunguka kwa nguvu.

Kabla ya tiba yoyote, yote yanayosomeka yanakiliwe kwanza. Ndipo diski ifutwe kwa kitambaa laini, kutoka ndani kwenda nje kwa mstari ulionyoka, wala si kwa kuzungusha. Mkwaruzo ufuatao mstari wa data huharibu zaidi kuliko uukatao. Upande wa maandishi wa CD usisuguliwe, maana data imo chini kidogo tu ya rangi yake. Mara nyingi kuamuru mzunguko wa polepole huokoa diski iliyoshindikana kwa mbio.

Limebaki jambo liwahusulo hasa wachunguzi wa matamshi. Diski ya data ina ziada ya kusahihisha makosa katika kila fungu lake, na sehemu isiyosahihishika kwa kawaida hukataliwa wazi. Diski ya muziki haina ziada hiyo ya pili. Usahihishaji wake wa msingi huweza kufidia pengo la milimita 2.5 hivi za mstari. Zaidi ya hapo chombo huweza kukadiria sauti iliyokosekana kutokana na zile za kandokando, bila kumwarifu msikilizaji. Kwa muziki kadirio hilo halidhuru sana. Lakini apimaye urefu wa irabu au mpasuko wa konsonanti aweza kupima kitu ambacho msemaji hakukitamka kamwe.

Kwa hiyo diski ya sauti iliyosota na isomwe mara mbili, nakala zikalinganishwa. Zikitofautiana, mahali hapo si pa kutegemewa; zikilingana, shaka hupungua ingawa haiishi. Mahali kasi ilipoanguka paandikwe katika daftari la mkusanyo, pamoja na jina la faili na dakika yake, ili atakayekuja kupima ajue sauti ipi ni ya msemaji na ipi yaweza kuwa ya mashine.