Mbwa wa likizo naye ana karatasi zake Namanga

Kando ya Ziwa Naivasha, nchini Kenya, zipo nyumba ndogo za mapumziko zinazompokea mgeni pamoja na mbwa wake. Wapangaji wengi ni familia za Nairobi zisizotaka kumwachia mlinzi mbwa wikendi nzima.

Mchana mbwa hukimbia uani apendavyo. Usiku ni habari nyingine. Viboko hutoka ziwani kula majani, na kiboko hana subira na anayembwekea. Ndiyo maana mwenye nyumba makini humweleza mgeni mapema: jua likizama, mbwa ndani. Hifadhi ya Hell's Gate iko jirani, na watu huitembelea kwa miguu au baiskeli, lakini mbwa haruhusiwi kuingia.

Kwa anayetoka Arusha, safari huamuliwa Namanga. Mfanyabiashara aliyezoea kuvusha vitunguu hapo anazijua karatasi za mzigo. Asichokijua ni kwamba mbwa wake, hata akienda kwa siku tatu tu, ni mnyama anayeingizwa nchini. Anatakiwa kuwa na kibali cha idara ya mifugo ya Kenya, cheti cha afya na cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa. Huo si usumbufu wa bure: dalili za ugonjwa huo zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mara ni kifo.

Kurudi nako kuna kibali chake, cha Tanzania. Anayelipia nyumba kabla ya kushika vibali vyote viwili anaweza kupoteza malipo ya awali, au kurudi Arusha bila mbwa.