Picha zafichua saratani iliyojificha kwenye tezi bila kisu

MWANAMUME anapoambiwa ana saratani ya tezi dume, swali linalofuata ndilo huamua matibabu yake: je, ugonjwa ungali mahali ulipoanzia au umekwisha kusambaa?

Aghalabu saratani hiyo hupitia kwanza kwenye tezi za limfu. Hivi ni vifundo vidogo, mfano wa punje za maharagwe, vinavyochuja majimaji ya mwili na kunasa vijidudu. Vinapovimba kwenye kinena, watu huviita mitoki.

Iwapo saratani haijafika huko, upasuaji au miale inayolenga tezi dume pekee yaweza kutosha. Ikiwa imefika, eneo la kupigwa miale hupanuliwa au mgonjwa huongezewa dawa za kupunguza homoni.

Kwa miaka mingi madaktari walitegemea ukubwa. CT Scan au MRI ya kawaida ikionyesha tezi ya limfu iliyozidi takriban milimita 10, ilishukiwa. Iliyo ndogo ilihesabiwa kuwa salama.

Lakini kigezo hicho hupotosha. Tezi yaweza kufura kwa sababu ya maambukizi tu, ilhali ndogo imebeba seli za saratani.

Udhaifu huo ulidhihirika mwaka 2003, katika utafiti wa wataalamu wa Massachusetts General Hospital, Marekani, na wenzao wa Nijmegen, Uholanzi. Walichunguza wanaume 80. Kati ya tezi 334 za limfu zilizopimwa, 63 zilikuwa na saratani, na 45 kati ya hizo hazingeshukiwa kwa vigezo vya kawaida.

Watafiti hao waliwatia wagonjwa mshipani chembechembe ndogo mno za chuma. Katika tezi yenye afya, seli za kinga humeza chembe hizo, na kwa kuwa chuma huvuruga sumaku ya MRI, tezi huonekana nyeusi siku inayofuata. Sehemu iliyotwaliwa na saratani haina seli hizo, hivyo hubaki angavu.

Uwezo wa kutambua tezi zilizoathirika ulipanda kutoka asilimia 35.4 hadi 90.5.

Hata hivyo, mwaka 2005 jopo la washauri wa mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, lilipinga kuidhinishwa kwa dawa hiyo.

Njia iliyoenea leo ni PET. Mgonjwa hudungwa dawa yenye miale hafifu inayonata kwenye PSMA, protini inayojaa juu ya seli za saratani ya tezi dume, nayo mashine huonyesha ilikojikusanya.

Utafiti uliofanywa Australia kwa wanaume 302 na kuchapishwa mwaka 2020 ulionyesha usahihi wa asilimia 92, dhidi ya 65 kwa picha za kawaida. Desemba mwaka huo, FDA iliidhinisha dawa ya kwanza ya aina hiyo.

Hapa Kenya, Hospitali ya Aga Khan jijini Nairobi ilizindua mashine ya PET mwaka 2018, na Hospitali ya Rufaa ya Chuo Kikuu cha Kenyatta pia ina kituo cha uchunguzi huo.

Hata hivyo, picha safi si cheti cha kupona, kwani kundi dogo la seli bado huweza kuponyoka jicho la mashine. Ndiposa mgonjwa hana budi kumuuliza daktari wake: picha hii imepima ukubwa wa tezi tu, au imeisaka saratani yenyewe?