Chumba kimoja, familia nzima: Kipange hivi watoto walale, wasome na wazazi mpumue

Dar es Salaam. Mpangaji anayetafuta chumba huuliza kwanza kodi, kisha maji na umeme, halafu majirani wakoje. Wachache huingia na futikamba mkononi. Siku ya kuhamia, kitanda cha sita kwa sita kinashushwa kwenye kirikuu, fundi anakifunga ndani, na kikishatulia mlango haufunguki hadi mwisho.

Hapo maisha ya chumba kimoja huanza kuwa magumu kuliko yalivyopaswa kuwa.

Katika jiji hili, ambalo Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 ilihesabu wakazi 5,383,728, chumba kimoja au chumba na sebule ndiyo nyumba ya kwanza ya familia nyingi changa. Mtoto wa kwanza huzaliwa humo, wa pili humkuta mwenzake humo, na pengine wa tatu huja kabla kiwanja hakijapatikana.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Vyumba viwili vyenye ukubwa mmoja, katika korido moja, vinaweza kuwa na maisha tofauti kabisa. Kimoja watoto wanasoma na kulala vizuri, kingine kila mtu anamkanyaga mwenzake. Mara nyingi tofauti ni mpangilio, wala si fedha.

Anza na hesabu ya sakafu

Chukua mfano wa chumba cha futi 10 kwa 12. Sakafu yake ni futi za mraba 120. Kitanda cha sita kwa sita kinakula 36, yaani karibu theluthi ya chumba. Cha tano kwa sita kinakula 30, ambayo ni robo. Cha nne kwa sita kinakula 24.

Ongeza sofa ya watu watatu ya futi 7 kwa 3, ambayo ni 21, na kabati la nguo la futi 4 kwa 2, ambalo ni 8. Ukiwa na kitanda kikubwa, tayari umetumia 65, zaidi ya nusu ya chumba, na bado hujaweka friji, meza, ndoo za maji wala mahali pa mtoto kulala. Mlango nao unahitaji nafasi ya kufunguka, na watu wanahitaji njia.

Kabla ya kununua chochote, chukua daftari la hesabu la mtoto lenye miraba. Kila mraba uwe futi moja. Chora chumba, weka alama ya mlango na dirisha, kisha kata vipande vya karatasi kwa vipimo vya kitanda, kabati na sofa. Visogeze juu ya mchoro mpaka uone njia ya kupita kutoka mlangoni hadi kitandani bila kuruka kitu. Kazi hii huchukua nusu saa na inaweza kukuokoa na kununua kitu utakachokuja kukiuza kwa hasara.

Familia nyingi zikifanya hesabu hii hugundua kuwa kinachowabana ni sofa. Inakaliwa na wageni mara moja kwa wiki, lakini inachukua nafasi ya godoro la watoto kila siku. Stuli nne zinazopangwa moja juu ya nyingine, pamoja na mkeka mzuri, hufanya kazi ileile.

Ukuta na mvungu wa kitanda

Watu wa pwani wamekuwa wakiishi kwenye vyumba vyembamba kwa karne nyingi. Katika nyumba za mawe za Lamu na Zanzibar, upana wa chumba uliamuliwa na urefu wa boriti za mikoko zilizobeba dari, hivyo vyumba vikawa virefu na vyembamba. Lamu, mafundi walitengeneza zidaka ndani ya kuta, na vyombo vikakaa humo badala ya kujaa sakafuni.

Mpangaji wa leo hawezi kuchimba kidaka kwenye ukuta wa mwenye nyumba, lakini somo ni lilelile: sakafu ni ya watu, ukuta ni wa vitu. Fundi seremala anaweza kutengeneza shelfu nyembamba inayopita juu ya mlango, au kabati jembamba linalofika karibu na dari badala ya kabati pana linaloishia kifuani. Omba ruhusa ya mwenye nyumba kabla ya kutoboa.

Vitu vizito vikae chini, vyepesi juu. Televisheni ifungwe ukutani kwa bano imara, kwa sababu mtoto anayejifunza kusimama hushika chochote kilicho mbele yake, na meza inayoyumba humwangukia na kila kilicho juu yake. Kabati refu nalo lifungwe kwenye ukuta.

Ukiagiza kitanda kwa fundi, mwambie miguu iwe mirefu, mvungu uwe wa futi moja na nusu hivi. Hapo unapata stoo. Mashuka, nguo zisizovaliwa kila siku na mabegi ya shangazi kaja vitaingia. Unga, mchele na maharage visikae huko. Viweke kwenye ndoo zenye vifuniko vinavyobana, mbali na mende na panya.

Chumba hupangwa pia kwa saa

Nyumba kubwa ina chumba cha kulala, sebule, jiko na stoo. Chumba kimoja ni vyote hivyo, ila kwa zamu. Ugomvi mwingi hutokea pale zamu mbili zinapogongana: baba anataka taarifa ya habari, mtoto ana kazi ya shule, mdogo wake anasinzia na mama anapakua chakula, vyote saa 2:00 usiku.

Familia ikikubaliana ratiba, chumba huonekana kimeongezeka. Mfano, saa 12:00 hadi saa 1:30 jioni ni masomo, televisheni imezimwa na taa nzuri iko juu ya meza. Kisha chakula, kisha mkeka unakunjwa na godoro la watoto linatandikwa. Baada ya saa 3:00 anayetaka kuangalia simu atumie visikilizio masikioni.

Ratiba hiyo inahitaji vitu vinavyojikunja. Meza ya mtoto inaweza kuwa ubao uliofungwa ukutani kwa bawaba, unaoshushwa wakati wa masomo na kupandishwa wakati wa kulala. Godoro la tatu kwa sita linaweza kuingia mvunguni mchana. Lakini chagua: mvungu uwe stoo au uwe mahali pa godoro. Ukijaribu vyote viwili, kila usiku mtatoa mabegi ili kutoa godoro.

Kwa watoto wawili au zaidi, kitanda cha dabodeka cha tatu kwa sita kinatumia futi za mraba 18 kulaza watoto wawili. Mtoto wa chini ya miaka 6 asilale juu. Kitanda cha juu kiwe na kingo pande zote na kisiwe karibu na pangaboi.

Hewa na moto si vya mzaha

Kosa la mpangilio huleta usumbufu. Kosa la moto huua familia nzima kwa usiku mmoja.

Jiko la mkaa lisiingizwe ndani ya chumba kilichofungwa, hata mvua ikinyesha, hata mkaa ukiwa umeshafunikwa na majivu. Mkaa unaowaka hutoa hewa ya kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu. Aliyelala hahisi kitu. Analegea na haamki. Onyo hili liwafikie pia wanaopenda kuweka jiko la mkaa chumbani ili kumpasha joto mzazi na mtoto mchanga. Nguo nzito, blanketi na mtoto kulazwa kifuani kwa mama vinatosha kuleta joto bila hatari hiyo.

Anayetumia gesi aweke mtungi wima, karibu na mlango au dirisha, kamwe si mvunguni. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa ya kawaida, hivyo ikivuja hutuama chini, mahali watoto wanapolala. Ukisikia harufu yake, funga mtungi, fungua mlango na madirisha, usiwashe wala kuzima taa, usiwashe kiberiti, na toa watoto nje.

Mafuta ya taa na dawa za kufulia visikae kwenye chupa za soda au maji ya kunywa. Katika chumba kidogo, mkono wa mtoto unafika kila mahali. Ndoo za maji zifunikwe muda wote, kwani mtoto anayetambaa anaweza kuzama kwenye maji ya ndoo moja.

Kuhusu hewa, kuta zikiwa karibu, ugonjwa nao uko karibu. Kifua kikuu husambaa kwa njia ya hewa, hasa watu wengi wakikaa mahali pasipopitisha hewa ya kutosha. Chumba chenye dirisha moja kinahitaji mlango nao ufunguliwe asubuhi ili upepo upite. Usisukume kabati mbele ya dirisha. Nguo mbichi zianikwe nje, maana zikikaukia ndani huleta unyevu na ukungu ukutani. Anayekohoa kwa wiki mbili au zaidi aende kituo cha afya.

Faragha ya wazazi, na ya watoto pia

Hili huzungumzwa kwa kicheko vibarazani, lakini ndani ya ndoa ni jambo zito. Wanandoa wanaolala hatua mbili kutoka kwa watoto wao wanaweza kumaliza miaka bila mazungumzo ya siri wala ukaribu, na kila mmoja akadhani mwenzake amepoa.

Kitanda cha wazazi kikae kwenye kona iliyo mbali na mlango. Pazia zito linaloning'inia kwenye waya kutoka ukuta hadi ukuta, likifika sakafuni, linagawa chumba bila kula nafasi. Lakini wazazi wakumbuke kuwa pazia linazuia macho, halizuii masikio. Mtoto aliyeanza shule anasikia na anaelewa zaidi ya wanavyofikiri. Saa ambazo watoto wako shuleni, au wamekwenda kwa bibi yao, zipangiwe kwa makusudi bila aibu.

Masikio hayohayo yanasikia ugomvi. Deni la kodi, maneno juu ya wakwe na hasira za kazini, vyote humfikia mtoto aliye chini ya shuka akijifanya amelala. Maneno hayo yapelekwe barazani watoto wakishalala, au yasubiri kesho.

Mtoto naye anastahili heshima. Awe na mahali pa kuvalia nyuma ya pazia na sanduku lake ambalo mwingine halifungui bila kubisha hodi. Anayejua kwamba mwili wake na vitu vyake vinaheshimiwa nyumbani ni mwepesi kusema pale mtu wa nje anapovuka mpaka.

Korido, ua na baraza ni sehemu ya nyumba

Nyumba ya Kiswahili ya mjini mara nyingi ina vyumba sita, vitatu kila upande wa korido. Mbele kuna baraza, nyuma kuna ua wenye jiko, bafu na choo. Nyumba hiyo haikukusudia mtu ashinde chumbani. Chumba ni cha kulala na kutunza vitu. Kupika, kufua, kucheza na kuzungumza hufanyika nje.

Kwa hiyo uhusiano na wapangaji wenzako ni sehemu ya ukubwa wa nyumba yako. Ukiwa na maelewano, una ua mzima. Ukigombana nao, unabaki na futi zako 120. Zamu ya usafi wa choo, mchango wa LUKU na muda wa kuzima muziki vikubaliwe mapema, ikiwezekana viandikwe.

Mtoto anayecheza uani awe na mtu mzima anayejua kuwa zamu ya kumwangalia ni yake. Kusema "yuko hapo nje" hakutoshi, kwa sababu kila mtu hudhani mwingine anaangalia.

Chumba kikishindwa

Mpangilio una mwisho wake. Shirika la Umoja wa Mataifa la Makazi, UN-Habitat, linahesabu kuwa kaya haina nafasi ya kutosha pale watu zaidi ya watatu wanapotumia chumba kimoja. Familia nyingi zimeshavuka hapo na zinaishi, lakini zipo dalili ambazo hazipaswi kuvumiliwa: kaka na dada wanaoanza kubalehe wakilala godoro moja, mtoto anayesinzia darasani kila siku, au mgonjwa wa muda mrefu asiye na pa kujitenga.

Wengi hapo hufikiria chumba na sebule. Ni vyema kuuliza kwanza kama chumba cha pili katika korido hiyohiyo kinapatikana. Sebule hutumika saa chache jioni, ilhali chumba cha watoto hutumika usiku kucha, na mchana kinakuwa cha kusomea. Kiwe karibu, mlango kwa mlango, si nyumba ya mtaa wa pili ambako hakuna anayejua nani kaingia usiku.

Wengine humpeleka mtoto kwa bibi kijijini. Hilo linaweza kuwa jema iwapo shule ipo, bibi ana nguvu na mtoto ameelezwa sababu. Mtoto asiyeambiwa kitu huamini ameondolewa kwa kuwa yeye ndiye aliyezidi.

Gharama ya chumba cha pili si ndogo, hasa mwenye nyumba akidai miezi sita kwa mkupuo. Familia yenye mtoto wa miaka 8 au 9 bado ina muda wa kuiandaa kidogo kidogo. Friji kubwa na sofa mpya vinaweza kusubiri, kubalehe hakusubiri.