Maradhi ya Kutetemeka na Mafunzo ya Miguu

Jioni hii nataka kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo kila mtu mzima hulifanya bila ya kulifikiri, nalo ni kwenda kwa miguu.

Pale Laetoli, katika nchi ya Ngorongoro, zipo nyayo za viumbe waliopita juu ya jivu la volkano lililolowa maji, zaidi ya miaka milioni 3 na nusu iliyopita. Mary Leakey na wenzake walizifukua tangu mwaka 1978. Nyayo hizo zaonyesha kisigino kikitua kwanza, kisha uzito ukipita mbele mpaka kidole gumba. Ndivyo tuendavyo hata leo. Kila hatua ni kuanza kuanguka, kisha kujidaka. Macho, sikio la ndani, nyayo na viungo hupeleka habari katika ubongo, nao huiamuru misuli upesi kuliko mtu awezavyo kutamka neno.

Sasa yapo maradhi yaharibuyo amri hiyo. Daktari mmoja wa London, James Parkinson, aliyaeleza mwaka 1817, ndiyo sababu huitwa kwa jina lake. Ndani ya ubongo mna sehemu ndogo nyeusi, ambayo chembe zake hutengeneza kitu kiitwacho dopamini. Chembe hizo zikifa, mkono hutetemeka hali umetulia pajani, mwili hukakamaa, hatua huwa fupi za kuburura, na pengine miguu hunasa mlangoni kana kwamba imepigiliwa misumari. Kisha mizani ya mwili hupotea. Mgonjwa akiguswa kidogo huanguka kama gogo, na mzee akivunjika nyonga huenda asiinuke tena. Fikirini njia za Karatu, zenye udongo mwekundu, wakati wa masika!

Wengi husema, “Huo ni uzee tu.” Wengine husema amerogwa. Kwa maoni yangu neno hilo “uzee” limewadhulumu wagonjwa sana, maana aambiwaye hivyo hapelekwi kwa daktari.

Ushahidi wa jambo hili haupo mbali nasi. Ukitoka Karatu, ukapita Mto wa Mbu, Makuyuni na Arusha, utafika wilaya ya Hai, chini ya Kilimanjaro. Huko madaktari Catherine Dotchin na Richard Walker, pamoja na wenzao Watanzania, walifanya uchunguzi wa nyumba kwa nyumba kati ya watu wapatao 161,000, wakatangaza matokeo mwaka 2008. Waliona wagonjwa 33, na wengi wao walikuwa hawajaambiwa kamwe jina la maradhi yao. Mwaka 2011 Gerry Mshana na wenzake walieleza waliyoyasikia kwa wagonjwa wa huko, kwa wanaowatunza na kwa waganga: watu waliuita ugonjwa wa kutetemeka, na kila mtu alikuwa na sababu yake.

Dawa ipo, yaitwa levodopa. Haiondoi maradhi, ila humrudishia mgonjwa wepesi wake. Lakini bei yake ni mzigo kwa mkulima, na pengine haipatikani. (Ajabu ni kwamba mbegu za upupu, ule mmea uwashao, zina levodopa ndani yake. Msizichume mkajitibu! Kipimo chake hakijulikani kwa macho, nacho kikizidi hudhuru.)

Basi ikiwa dawa haipo, je, mgonjwa akae tu? La. Lynn Rochester wa Chuo Kikuu cha Newcastle, Uingereza, pamoja na madaktari wale wa Hai, walichukua wagonjwa 21 ambao hawajapata kumeza dawa hiyo. Kwa majuma matatu waliwazoeza, nusu saa kila mara, kukanyaga kwa kufuata mlio wenye mapigo sawasawa. Habari zake zilitangazwa mwaka 2010. Mwendo wao ulitengenea, hata walipopewa kazi nyingine huku wakienda. Ubongo una njia zaidi ya moja ya kuagiza miguu. Njia ya mazoea imeharibika, lakini ile ya kusikiliza na kutazama yaweza kushika zamu.

Jambo hili halihitaji mashine kubwa. Mwenzake mgonjwa aweza kupiga makofi polepole, au kuhesabu “moja, mbili”, au kuchora mistari ya chokaa sakafuni ili akanyage mmoja baada ya mwingine. Miguu ikinasa, msimvute mkono. Mwacheni asimame, apumue, kisha ainue mguu kana kwamba aruka kijiti. Akigeuka, ageuke kwa mzunguko mpana. Wala msimtwike ndoo huku mkimsemesha.

Karatu penyewe ipo hospitali ya FAME, ambapo madaktari wa ubongo na mishipa ya fahamu kutoka Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, huja kufanya kazi pamoja na waganga wa hapa. Mgonjwa aendapo hospitali yo yote, afuatane na mtu akaaye naye nyumbani, kwa kuwa ataulizwa ameanguka mara ngapi, wapi, na saa gani za mchana mwili hukakamaa zaidi.