Tuwafunze Wanafunzi Kunena, Si Kukariri

Wahenga walisema maneno matupu hayavunji mfupa. Hivyo ndivyo wengi wetu tunavyoitazama mikutano ya kuhutubiana: watu hupigiana makofi kisha hurejea makwao mikono mitupu. Hata hivyo, mwenye kuyachunguza yaliyotokea Arusha mnamo Juni 2007 atatanabahi kwamba kuna kunena kunakozaa matunda.

Mwezi huo shirika la TED, ambalo chimbuko lake ni Marekani mwaka 1984, lilifanya kongamano lake nchini Tanzania. Kanuni yake ni nyepesi: msemaji hupewa dakika zisizozidi 18 aeleze wazo moja tu. Miongoni mwa waliohutubu ni Ngozi Okonjo-Iweala, aliyekuwa amewahi kuwa Waziri wa Fedha wa Nigeria, na mwanauchumi George Ayittey wa Ghana. Lakini jukwaani alipanda pia kijana wa Malawi, William Kamkwamba, mwenye umri wa miaka 19. Ukosefu wa karo ulikuwa umemtoa shuleni wakati wa njaa. Naye, kwa kutazama vitabu vya maktaba, akaunda kinu cha upepo kwa vipande vya baiskeli na miti, nyumba ya wazazi wake ikapata umeme. Kiingereza chake kilikuwa cha kusitasita na maneno yake machache, ilhali ukumbi mzima ulimshangilia.

Miaka sita baadaye, mwaka 2013, Richard Turere, mvulana Mmaasai wa hapa Kenya, alisimama katika jukwaa la TED huko California. Alieleza jinsi alivyojaribu moto, kisha sanamu ya kutisha, asifaulu kuwafukuza simba waliokula mifugo ya baba yake. Mpaka alipogundua kuwa simba huogopa mwanga unaotembea, akaunda taa za kumetameta.

Je, mwalimu mwenzangu, vijana hawa wangepata alama ngapi katika madarasa yetu? Aghalabu tunamtuza mwanafunzi aliyekariri methali kumi na tamathali ishirini, akazimwaga katika insha asiyoijali wala kuiamini. Mijadala yetu nayo humpa ushindi mwenye sauti kubwa. Tumewafunza watoto kupamba chombo, tukasahau kuwauliza kimebeba nini.

Sisemi ufasaha hauna maana. Lugha yetu ni ya watu wa malumbano na ngonjera, na Katiba ya mwaka 2010 imeifanya lugha rasmi. Lakini huko Arusha, katika nchi ya Kiswahili, hotuba zilitolewa kwa Kiingereza. Kama hatutaki wazo la mtoto lisubiri lugha ya kigeni ndipo lisikike, hatuna budi kumpa jukwaa katika lugha anayoimudu.

Jukwaa hilo halihitaji fedha. Kila juma, mwanafunzi mmoja apewe dakika tano gwarideni aeleze, kwa Kiswahili, jambo alilolitengeneza, alilolichunguza au lililomshinda. Kisha wenzake wamwulize maswali. Mwalimu asimkatize kumsahihisha ngeli. Hilo lina wakati wake darasani.

Nawe mwanafunzi, kabla ya kutafuta maneno mazito, tafuta kwanza jambo la kusema. Ukilipata, maneno yatakufuata.