MILIMA YA MBOJI YA UINGEREZA
Faida yake, migodi yake ya kale, na mambo yampasayo mgeni

Kaskazini ya Uingereza iko nchi ya milima iitwayo North Pennines. Kilele chake kirefu kupita vyote, Cross Fell, kina mita 893 tu, lakini upepo wake ni mkali, mvua hunyesha mwaka mzima, na miti ni haba. Mgeni aionaye mara ya kwanza aweza kudhani kwamba ni nchi tupu isiyo na faida. Sivyo hata kidogo.

UDONGO UNYWAO MAJI

Juu ya milima hiyo imetanda mboji, yaani udongo mweusi uliofanyika kwa mimea iliyokufa bila kuoza sawasawa, kwa sababu maji yaliyotuama huzuia hewa isiifikie. Mboji hukua polepole mno, milimita moja hivi kwa mwaka. Basi mahali penye kina cha mita mbili, kazi hiyo imechukua miaka ipatayo 2,000.

Mboji iliyo nzima ni kama sifongo: sehemu tisa katika kumi ni maji. Mito ya Tees, Wear na South Tyne huanzia huko. Tena mboji huhifadhi kaboni nyingi, ambayo ikitoka na kuingia hewani huongeza joto la dunia.

WACHIMBA RISASI

Katika mawe ya milima hiyo mna risasi, ile metali nzito iliyotumiwa kwa mabomba na mapaa ya nyumba. Katika karne ya 18 na ya 19 watu wengi sana waliichimba. Ili kuitafuta, walijenga malambo vilimani, kisha wakayabomoa ghafula ili maji yateremke kwa nguvu, yachukue udongo na kufunua mawe. Makovu ya kazi hiyo yaonekana hata leo.

Wachimbaji wengi waliondoka kwao Jumatatu, wakalala kwa msongamano karibu na mgodi, wakarudi mwisho wa juma. Wavulana waliosha mawe nje katika maji ya baridi. Vumbi liliharibu mapafu, na wengi hawakuuona uzee. Kisha risasi ya bei rahisi kutoka nchi nyingine ikashusha bei, na kufikia miaka ya 1880 migodi mingi ilikuwa imeanguka. Jamaa nyingi zikahama. Huko Killhope limesalia gurudumu la maji lenye kipenyo cha mita 10 hivi, lililoendesha mashine za kutenga madini na mawe.

KOSA LARUDISHWA NYUMA

Baada ya Vita Kuu ya Pili, mifereji ilichimbwa kwa msaada wa fedha za Serikali ili kukausha mboji na kupata malisho bora. Faida ikawa ndogo na hasara kubwa: mboji ilikauka, na mvua ikaichukua mpaka mitoni. Mwaka 1988 nchi hiyo, yenye karibu kilomita za mraba 2,000, iliwekwa chini ya ulinzi wa sheria, na mwaka 2006 ukaanza mpango wa kuiziba mifereji hiyo ili maji yarudi mahali pake.

YAMPASAYO MGENI

Kwanza, afuate njia. Mboji ikikanyagwa hupondeka na haiponi upesi; tena mashimo ya migodi ya kale ni hatari.

Pili, asichimbe wala kuchukua kitu katika marundo ya mawe ya migodi. Risasi iliyomo huua majani mengi, lakini yako maua madogo yanayostahimili sumu hiyo, nayo ni nadra kuonekana kwingineko.

Tatu, mbwa afungwe kamba, hasa wakati ndege wanapolalia mayai chini.

Nne, asiwashe moto. Mboji kavu hushika moto, nao huweza kuendelea chinichini baada ya miali kuzimika. Moto wa siku moja waweza kuteketeza kazi ya karne nyingi, wala hakuna fedha iwezayo kuinunua tena.