Meli tatu chini ya maji ya Unguja

Sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka Disemba 2020, watu wawili walifariki, na simu zetu hapa Muscat hazikunyamaza siku nzima. Kila mmoja alikuwa na picha yake ya jengo lile, na kila mmoja alikuwa na la kusema. Hilo lilikuwa jambo jema. Lakini si mbali na baraza za jengo hilo, chini ya maji ya bandari, yamelala mabaki ya meli ya huyo huyo aliyelijenga, Sayyid Barghash, na hayo hatujapata kumsikia mtu akiyaulizia.

Makala haya yanahusu meli tatu zilizozama karibu na Mji Mkongwe na watu wanaoshuka kuzitazama. Tunasema wanaoshuka kwa sababu neno kuzamia limekwisha haribika. Ukimwambia jamaa yako wa Dar es Salaam kwamba kijana wako ni mzamiaji, atakuuliza amefika nchi gani. Sisi tunazungumzia kupiga mbizi, na mtungi wa hewa mgongoni.

Ya kwanza ni Glasgow. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliivunja karibu yote merikebu ya Sayyid Barghash, akaagiza meli mpya huko Scotland. Ilitengenezwa na kiwanda cha William Denny cha Dumbarton kwa mfano wa manowari ya Kiingereza yenye jina hilo hilo, ikafika Unguja mwaka 1878. Inasemekana Sayyid hakuipenda sana, na muda mwingi ilikaa nangani mbele ya kasri kama pambo.

Tarehe 25 Agosti 1896 Sayyid Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla, na Khalid bin Barghash akaingia kasri bila ya ridhaa ya Waingereza. Asubuhi ya tarehe 27 manowari za Kiingereza zikafungua mizinga. Glasgow ikajibu kuipiga meli ya amiri wao, St George, na ikazamishwa pale pale iliposimama. Vita vyenyewe ni vile vinavyotajwa kila pahala kuwa vifupi kuliko vyote duniani, dakika kama 38. Kinachotajwa kwa nadra ni kwamba upande wa kasri waliokufa na kujeruhiwa walikuwa kama 500, na upande wa Waingereza alijeruhiwa baharia mmoja.

Maji yale hayakuwa na kina kikubwa, kwa hiyo milingoti ya Glasgow na dohani lake vilibaki vikichungulia juu ya bahari. Miaka 16 watu wa mjini waliamka wakaviona. Mwaka 1912 ikaja kampuni ya kuondoa mabaki, ikaivunja, na sehemu kubwa ya vipande ikatupwa baharini. Hapo leo si pahala pa kupiga mbizi: vyombo vinapita huku na huku na maji ya bandarini hayana uangavu. Vilivyobaki vimo humo.

Ya pili, Pegasus, ilikuwa manowari ya Kiingereza. Septemba 1914, Vita Vikuu vikiwa na mwezi mmoja na ushei, ilitia nanga Unguja ili kutengeneza mitambo yake. Manowari ya Kijerumani, Königsberg, iliyokuwa imejificha katika delta ya Rufiji, ikapata habari. Alfajiri ya tarehe 20 ikatokea na kuanza kupiga kutoka mbali, na mizinga ya Pegasus ikawa haifiki kule. Walikufa mabaharia 38 na 55 wakajeruhiwa, na siku hiyo hiyo meli ikazama. Königsberg ikarudi Rufiji, ikazingirwa humo, na haikutoka tena mpaka ilipoangamizwa Julai 1915. Anayekwenda Mombasa ataona ndani ya Fort Jesus mzinga wa Pegasus na mzinga wa Königsberg, maadui wawili uwanja mmoja.

Mwaka 1955 Pegasus nayo ilivunjwa na wanunuzi wa vyuma. Wanaoshuka siku hizi wanakuta mabaki ya mabaki, na kwa kina chake si kazi ya mwanafunzi.

Ya tatu ndiyo tuliyoiona kwa macho yetu. Inaitwa Great Northern, meli ya kulaza waya za simu chini ya bahari. Waya kama hizo ziliiunganisha Unguja na Aden tangu 1879, na kwa hizo habari ya bei ya karafuu au ya kifo cha mfalme ilifika London kwa muda wa saa badala ya wiki. Meli hii iliparamia fungu la Pange mwishoni mwa mwaka 1902, ikabaki hapo.

Tulikwenda Pange asubuhi moja ya kaskazi, katika likizo yetu nyumbani. Kutoka ufukwe wa mjini ni mwendo mfupi kwa boti. Tulikuwa wawili, sote tumepita miaka arubaini, na cheti chetu cha kupiga mbizi tulikipata hapa Muscat, uzeeni tuseme. Kiongozi wetu alikuwa kijana wa Ng'ambo, baba yake mvuvi. Alipoona mikono inatutetemeka wakati wa kufunga mikanda alisema: "Ami, usipapatike. Pumua tu kama uko barazani."

Msomaji ambaye hajapata kushuka atataka kujua inakuwaje. Juu ya maji mwili unabeba uzito wa hewa, basi. Ukishuka mita 10 mkandamizo unakuwa maradufu, mita 20 mara tatu, mita 30 mara nne. Mtu wa kwanza kupata habari ni sikio. Unabana pua na kusukuma hewa kwa ndani, taratibu, kila baada ya mita moja au mbili, na likikataa unapanda kidogo na kujaribu tena. Mwenzetu lilimkataa mara tatu. Kupanda ndiko kwenye hatari zaidi: hupandi mbio, na hata mara moja huzuii pumzi, kwa sababu hewa iliyo mapafuni inatanuka kadiri unavyopanda. Damu nayo imenyonya naitrojeni, inataka muda wa kuitoa.

Kwa sababu hiyo tunawakumbusha ndugu zetu wanaokwenda nyumbani kwa wiki mbili na kutaka kufanya kila kitu: usipige mbizi leo halafu kesho asubuhi ukapanda ndege. Ukishuka mara kadhaa acha zipite angalau saa 18, na wengi wanashauri 24. Tiketi ya kubadilisha ni rahisi kuliko kupooza.

Great Northern iko kwenye mita kama 12, kwa hiyo hata aliyemaliza kozi ya mwanzo, ambayo inamruhusu mita 18, anaifikia bila ya taabu. Mwanzo hatukuona meli. Tuliona kilima cha matumbawe chenye mstari ulionyooka mno, ndipo tukatambua kwamba huo ni ubavu. Chuma kimevaa matumbawe na sifongo hata hujui kimoja kinaishia wapi. Mkunga alitoa kichwa kwenye tundu, akafungua mdomo kama anayetaka kusema, akarudi ndani. Taa alilala mchangani karibu na mkuku. Chini ya bamba moja walikuwamo samaki wadogo wa rangi wasiohesabika. Tulikaa chini dakika 40, na tulipotazama saa tulidhani imeharibika.

Tulipopanda kwenye boti tulimuuliza kijana wetu habari za Glasgow. Samaki alikuwa ametutajia kila mmoja kwa jina lake la Kiswahili na la Kiingereza, mikondo ya maji anaijua kama chumba chake. Lakini Glasgow hakupata kuisikia. Skuli hawakufundishwa, na wageni hawaiulizi kwa sababu haimo katika orodha ya pahala pa kushuka. Kuhusu Great Northern alijua mwaka na kina, basi. Hatumlaumu hata kidogo. Sisi wenyewe tulizaliwa mjini, tumecheza Forodhani mpaka magharibi, na tulijua habari hizi tukiwa watu wazima, ughaibuni, kwenye vitabu vya watu wengine.

Alitueleza jambo jingine lililotukera zaidi. Kwa miaka mingi kila kilichong'oka katika mabaki haya, shaba, madirisha ya duara, vikorokoro vya mezani, kimekuwa kikiokotwa na kubebwa. Mmoja anachukua kumbukumbu yake, mwingine anauza kwa kilo. Anayechukua kipande kimoja haoni kosa. Ndivyo meli inavyokwisha.

Ingekuwa haiwezekani kufanya vingine tungenyamaza. Mombasa walifanya. Mwaka 1697 Wareno walipokuwa wamezingirwa na Waomani ndani ya Fort Jesus, merikebu yao Santo António de Tanna ilizama chini ya ngome. Wapiga mbizi waliigundua miaka ya 1960, na kati ya 1977 na 1980 wataalamu wa vitu vya kale wakishirikiana na Makumbusho ya Taifa ya Kenya waliichimbua. Vyombo vyake vimo katika makumbusho ya ngome, na mbao zake zikafunikwa tena kwa mchanga ili zisioze. Mtoto wa skuli wa Mombasa anaiona meli hiyo bila ya kulowa.

Hapa Oman nako mwaka 2003 meli ya jeshi la majini iliyostaafu, Al Munassir, yenye urefu wa mita 84, ilizamishwa kwa makusudi karibu na Bandar Khayran ili samaki na matumbawe wapate nyumba. Mombasa walikuwa wamefanya hivyo mwaka mmoja kabla kwa meli ya Dania. Tumeshuka Al Munassir mara nyingi. Ni meli isiyo na historia ya kusimulia, na bado watu wanaifuata kutoka mbali na wavuvi wa huko wanajua faida yake. Unguja wanazo zenye historia, hawakulazimika kununua hata moja.

Matumbawe yenyewe yana mtihani wake. Joto la bahari la mwaka 1998 liliyapausha na kuyaua kwa wingi pwani yote ya Afrika Mashariki, yakaanza kurudi, na mwaka 2024 wanasayansi wakatangaza upaukaji mwingine wa dunia nzima, wa nne kuandikwa. Juu ya hapo kuna nanga zinazotupwa ovyo na, upande wa Bara hasa, baruti, ambayo mvuvi mmoja anaweza kuvunja nayo kwa sekunde kilichokua miaka mia. Chumbe wameonyesha njia: mwamba wake ulifungwa kwa uvuvi tangu 1994, walinzi wake wa mwanzo walikuwa wavuvi, na hata mitungi ya hewa hairuhusiwi, mgeni anaelea juu na miwani yake tu.

Katika kisiwa cha Chapwani, mbele ya mji, yako makaburi ya mabaharia wa Pegasus, yamepangwa na yanatunzwa. Ni haki yao. Waliokufa asubuhi ile ya Agosti 1896, watumishi wa kasri, askari, mabaharia wa Glasgow, sisi hatujapata kuona jiwe lao. Kibao kimoja Forodhani chenye tarehe na michoro ya meli hizi tatu hakingegharimu sana, na katazo la kuokota chochote katika mabaki haligharimu kitu. Chama chochote cha wananchi huku nje kinachotafuta jambo la kuchangia, baada ya misikiti na visima, kifikirie na hili.

Tuliporudi Muscat tulimtumia kijana wetu, kwa simu, picha ya zamani inayoonyesha milingoti ya Glasgow ikitokeza majini na mji nyuma yake. Siku mbili hakujibu. Siku ya tatu akaandika: "Ami, kumbe ni hapa hapa? Mimi napita hapo kila siku asubuhi."